Soko la Huanan halimsafishi mtu

Katika mabishano ya chanzo cha UVIKO-19 kuna mgawanyo ambao watu wengi wameupokea bila kuuhoji. Anayesema kirusi kilitoka maabara huonekana ndiye anayetaka serikali ya China iwajibike, na anayesema kilitoka kwa wanyama wa soko la Huanan, mjini Wuhan, huonekana anaitafutia serikali hiyo pa kutokea. Mgawanyo huo ulipata nguvu Januari 2025, shirika la ujasusi la Marekani, CIA, liliposema inaegemea upande wa maabara, na ukazidi Aprili mwaka huo Ikulu ya Marekani ilipoigeuza tovuti yake ya huduma za UVIKO kuwa ukurasa wa kuitangaza nadharia hiyo. Lakini ukiufuatilia ushahidi wenyewe, na hasa ukiangalia Beijing inajitetea dhidi ya nini, utaona mgawanyo huo umesimama kichwa chini miguu juu.

Hoja za maabara si za kubeza. Wuhan ni mji wa watu milioni 11, na ndani yake ipo Taasisi ya Virolojia iliyokuwa miongoni mwa vituo vikubwa duniani vya kukusanya virusi vya korona vya popo. Mwaka 2012 watu sita waliokuwa wakisafisha kinyesi cha popo kwenye mgodi wa Mojiang, mkoani Yunnan, waliugua homa kali ya mapafu na watatu wakafa. Watafiti wa Wuhan walikwenda huko kuchukua sampuli, na humo ndimo kilimopatikana kirusi RaTG13, kinachofanana na cha UVIKO-19 kwa takriban asilimia 96. Shi Zhengli, aliyeongoza utafiti huo, alisema mwenyewe mwaka 2020 kwamba kazi ya virusi vya korona ilifanyika kwenye maabara za kiwango cha 2 na cha 3 cha usalama. Kiwango cha 2 kinamtaka mtafiti avae koti na glavu, na kazi zinazorusha matone azifanyie ndani ya kabati la usalama. Chumba chenyewe hakilazimiki kuwa na mfumo wa kuzuia hewa isitoke nje, wala barakoa ya kuchuja hewa si sharti. Kwa kirusi kinachosafiri hewani, ulinzi huo ni haba.

Kisha lipo andiko la mradi la mwaka 2018 lililopewa jina DEFUSE. Shirika la EcoHealth Alliance la New York, likishirikiana na taasisi ya Wuhan na watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina, liliomba dola milioni 14 kutoka DARPA, wakala wa utafiti wa jeshi la Marekani. Ndani yake mlikuwa na wazo la kuingiza kwenye virusi vya popo kipande kinachoitwa eneo la furini, ambacho humrahisishia kirusi kuingia kwenye seli za binadamu. Kirusi cha UVIKO-19 kina kipande hicho, na hakuna kirusi kingine kinachojulikana cha jamii ndogo ya SARS, ugonjwa wa mapafu uliosumbua China mwaka 2003, chenye nacho. DARPA ilikataa kutoa fedha. Ongeza kwamba hifadhidata ya taasisi ya Wuhan iliondolewa mtandaoni Septemba 2019, na kwamba maabara nyingine, ya Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Wuhan, ilihamia karibu na soko la Huanan tarehe 2 Desemba 2019. Wala kirusi kutoroka maabara si ndoto. Mwaka 2004, Beijing, watafiti walikishughulikia kirusi cha SARS wakidhani kimeshauawa, kumbe bado kizima. Watu tisa wakaambukizwa na mmoja akafa.

Ugumu unakuja unapotaka vipande hivyo vishikane. Jenomu ya kirusi hiki, yaani maandishi ya vinasaba vyake, ina herufi karibu 30,000. Tofauti na RaTG13 inazidi herufi 1,100, na kwa mwendo wa kawaida wa mabadiliko ya virusi hivi hiyo ni miongo kadhaa ya kuachana. Virusi vya popo wa Laos vilivyotangazwa 2021 viko karibu zaidi, hadi asilimia 96.8, na navyo haviwezi kuwa mzazi. Hadi sasa hakuna aliyeonyesha kwamba taasisi ya Wuhan ilikuwa na kirusi kilicho karibu kuliko hivyo. Kwa hiyo upande wa maabara una mahali, una uwezo na una ukimya wa kutiliwa shaka. Mfuatano wa matukio hauna. CIA yenyewe iliambatanisha hitimisho lake na maneno "uhakika mdogo", ambayo katika lugha ya majasusi yana maana kwamba taarifa ni chache, au zinapingana, au chanzo chake si cha kutegemea sana.

Ikiwa umma uliegemea huko kwa nguvu hata hivyo, wanasayansi wa upande wa pili wana sehemu yao ya lawama. Februari 2020 jarida la Lancet lilichapisha tamko la kulaani nadharia za njama, na mratibu wake alikuwa Peter Daszak, rais wa EcoHealth Alliance, shirika lililokuwa na ubia na taasisi inayotuhumiwa. Maslahi hayo hayakutajwa mpaka Juni 2021. Baadhi ya watafiti walioandika Machi 2020 kwamba kirusi hakikutengenezwa maabara walikuwa faraghani wakiambiana mashaka yao. Watu wakiona hivyo, wana haki ya kuuliza wamefichwa nini kingine.

Hata hivyo uzito wa ushahidi uko sokoni. Huanan ilikuwa na vizimba 678 kwenye eneo la mita za mraba 50,000 hivi, na vizimba kumi ndivyo vilivyohusika na wanyama pori au mazao yao. Mwaka 2022 mwanabiolojia Michael Worobey na wenzake waliweka kwenye ramani makazi ya wagonjwa 155 wa Desemba 2019, na makazi hayo yakalizunguka soko. Wapinzani walijibu, na hoja yao ina mantiki, kwamba madaktari walitafuta wagonjwa karibu na soko kwa sababu tayari walilishuku. Lakini kama upendeleo wa utafutaji ndio uliochora ramani ile, wagonjwa wasio na uhusiano wowote na soko wangetawanyika mjini. Kilichoonekana ni kwamba hao wasio na uhusiano waliishi karibu zaidi na soko kuliko wale waliofanya kazi au kununua humo. Hivyo ndivyo ugonjwa unavyoanza kuvuja kwa majirani.

Halafu kuna usufi wa kuchukulia sampuli uliopitishwa sokoni na maofisa wa kudhibiti magonjwa wa China kuanzia Januari 1, 2020. Sampuli zilikuwa 1,380, kati yake 923 za mazingira: sakafu, kuta, mifereji, vifaa. Zaidi ya 70 za mazingira zilikutwa na kirusi, nyingi upande wa magharibi walikouzwa wanyama hai. Machi 2023 mtafiti wa Ufaransa, Florence Débarre, alizikuta data ghafi za sampuli hizo kwenye GISAID, hifadhidata ya kimataifa ya vinasaba vya virusi. Yeye na wenzake walipowaandikia watafiti wa China waliozipakia, data zikaondolewa. Uchambuzi kamili ulitoka Septemba 2024. Katika kizimba kimoja, kirusi kilikutwa kwenye toroli, kwenye tundu la chuma, kwenye mashine ya kunyonyoa manyoya na kwenye mfereji unaopita chini, na humo humo mkawa na vinasaba vya mbwa rakuni, mnyama mdogo wa jamii ya mbwa anayefugwa China kwa ajili ya ngozi na nyama. Ni kizimba kile kile ambacho mtaalamu wa virusi Edward Holmes alipiga picha ya mbwa rakuni wakiwa tunduni mwaka 2014.

Mbwa rakuni si mnyama wa kubahatisha. Watafiti wa Ujerumani waliwapa kirusi hiki puani mbwa rakuni tisa. Sita wakaambukizwa na kukitoa puani, na kati ya watatu wazima waliowekwa jirani nao, wawili wakaambukizwa. Hawakuugua kiasi cha kumshtua mfugaji.

Mtafiti wa virusi Jesse Bloom wa Seattle aliupinga uchambuzi wa soko kwa hoja ambayo kila mtetezi wa nadharia hiyo anapaswa kuijua. Katika sampuli ya toroli yenye vinasaba vingi vya mbwa rakuni, kirusi kilikuwa kipande kimoja tu kati ya takriban milioni 200 vilivyosomwa, na kwingineko sokoni kirusi kiliambatana zaidi na vinasaba vya samaki, ambao hawaambukizwi. Ni kweli. Usufi wa sakafuni hauwezi kukuambia nani alikohoa. Unachoweza kuthibitisha ni kwamba wanyama wanaoweza kubeba kirusi hiki walikuwepo Huanan katika wiki zile, mahali pale pale. Hilo peke yake linaibana serikali kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu serikali ilikuwa imesema hawakuwepo.

Hapa ndipo penye namba ambayo naona haijapewa uzito wake: 47,381. Kati ya Mei 2017 na Novemba 2019, mtafiti wa Wuhan, Xiao Xiao, alikuwa akipita kila mwezi kwenye maduka 17 ya wanyama hai katika masoko manne ya mji huo, saba kati yake yakiwa Huanan. Hakuwa akitafuta korona. Alikuwa anafuatilia ugonjwa wa homa unaoenezwa na kupe. Alihesabu wanyama 47,381 wa aina 38 waliouzwa, zaidi ya 1,500 kwa mwezi. Mbwa rakuni walikuwa wastani wa takriban 38 kwa mwezi, na walikuwepo pia fungo, wale wale waliobeba SARS. Popo hakuwepo, wala kakakuona. Wanyama walirundikwa tundu juu ya tundu, na maduka mengi yalichinja hapo hapo. Kwa aina sita za mamalia aliowakagua, karibu asilimia 30 walikuwa na majeraha ya risasi au mitego, dalili kwamba walitolewa porini na si shambani. Na katika maduka yote 17, hakuna hata moja lililobandika cheti cha asili ya mnyama au cha karantini kama sheria ilivyotaka.

Sasa ulinganishe na ripoti ya pamoja ya WHO na China iliyotoka Machi 30, 2021, baada ya wataalamu wa kimataifa kukaa Wuhan mwezi mzima. Ripoti ile iliandika kwamba hazikupatikana taarifa zilizothibitishwa za kuuzwa mamalia hai karibu na mwaka 2019. Makala ya Xiao na wenzake ilitoka Juni 2021, miezi zaidi ya miwili baadaye. Miezi thelathini ya kumbukumbu ilikuwa mjini humo humo, na ujumbe ule ulirudi Geneva bila kuonyeshwa. Ama mamlaka za masoko na misitu za Wuhan hazikujua kinachouzwa kwenye maduka yenye leseni zao kwa miaka miwili na nusu, ama zilijua zikakana.

Uchunguzi wa chanzo una utaratibu unaojulikana tangu SARS. Kwanza kizimba kinazungushiwa utepe kabla dawa haijapulizwa. Kila mnyama aliye hai anapitishwa usufi puani, kooni na kwenye njia ya haja kubwa, na anatolewa damu. Mizoga inatolewa vipande vya mapafu na utumbo. Kila kichupa kinaandikwa aina ya mnyama, namba ya tundu, kizimba, mfanyabiashara na shamba alikotoka, kisha kinahifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Halafu mnyama anafuatiliwa kinyumenyume hadi shambani, na huko damu inatolewa kwa wanyama na kwa wafanyakazi pia. Damu ndiyo muhimu. Kirusi humtoka mnyama baada ya siku chache, lakini kingamwili hubaki miezi. Shamba lililoambukizwa Novemba lingeweza bado kutoa ushahidi Februari.

Yaliyofanyika ni haya. Soko lilifungwa Januari 1 na kupigwa dawa. Wanyama waliopimwa walikuwa 188 wa aina 18, wakiwemo paka wa mitaani na nyama iliyobaki kwenye majokofu, na hakuna hata mbwa rakuni mmoja. Walioshukiwa walikuwa wameshaondolewa. Januari 3 Tume ya Taifa ya Afya iliziagiza maabara zisizoidhinishwa kukabidhi sampuli au kuziharibu, na kutochapisha chochote bila kibali. Ofisa wa tume hiyo alilithibitisha agizo la uharibifu Mei mwaka huo, akilieleza kuwa ni la usalama. Februari 24 ulaji wa wanyama pori ukapigwa marufuku nchi nzima, mashamba yakafungwa, wanyama wakateketezwa. Marufuku ilikuwa sahihi. Kosa ni kuitekeleza kabla ya kutoa damu. Baadaye ujumbe wa WHO ulielezwa kwamba zaidi ya sampuli 80,000 za wanyama kutoka mikoa 31 hazikuwa na kirusi. Namba inavutia macho, ila swali ni ngapi zilitoka kwa mbwa rakuni na fungo wa mashamba yaliyoiuzia Huanan kabla ya Januari 2020.

Linaloniuma zaidi ni kwamba haya yalishatokea. Mei 2003 watafiti walikikuta kirusi cha SARS kwa fungo waliokuwa wakiuzwa soko la Shenzhen. China ilikuwa tayari imezuia biashara ya wanyama pori. Agosti mwaka huo huo Mamlaka ya Misitu ya Taifa ikatoa orodha ya wanyama 54 wanaoruhusiwa kufugwa na kuuzwa, fungo akiwemo. Januari 2004 SARS ikarudi Guangzhou, na fungo wapatao 10,000 wakauawa. Kisha biashara ikaendelea na kukua, ikisukumwa kama njia ya kuwatoa wakulima kwenye umaskini, hata ripoti ya Chuo cha Uhandisi cha China ya 2017 ikaikadiria kuwa ya yuan bilioni 520 na ajira milioni 14, sehemu kubwa ikiwa ya ngozi na manyoya. Nadharia ya maabara, hata ikithibitishwa kesho, inamhukumu mtafiti aliyeteleza, wakuu wake na wafadhili wao. Nadharia ya soko inahukumu sera ya miaka 17, iliyosainiwa mara nyingi na ofisi nyingi, huku hatari yake ikijulikana kwa jina.

Ndiyo maana Beijing haijawahi kuikubali. Mei 2020 George Gao, mkuu wa kituo cha kudhibiti magonjwa, alisema soko huenda lilikuwa mwathirika tu. Ikafuata nadharia ya samaki na nyama zilizogandishwa kutoka nje, kisha maabara ya jeshi la Marekani ya Fort Detrick, na waraka wa serikali wa Aprili 2025 ukaelekeza kidole Marekani. Kama soko lingekuwa msamaha, serikali hiyo ingelikumbatia tangu siku ya kwanza.

Wanaotaka uwajibikaji kupitia mahakama nao wana la kujifunza. Jimbo la Missouri liliishtaki China mwaka 2020 kwa kila kitu, kuanzia kuficha hadi maabara. Kinga ya kisheria inayozuia nchi kushtakiwa kwenye mahakama za nchi nyingine iliyapiga chini madai yote isipokuwa moja, la kuhodhi barakoa na vifaa vya kinga wakati dunia haijaambiwa ukweli. Machi 2025 jaji alitoa hukumu ya zaidi ya dola bilioni 24 kwa dai hilo, China ikiwa haikufika mahakamani. Dai lililosimama halikuhitaji kujua kirusi kilitoka wapi.

Afrika Mashariki hatuna pa kusimama tukalitazama hili kama sinema ya wengine. Tanzania iliacha kutoa takwimu za UVIKO ikiwa na wagonjwa 509 mwaka 2020, na haikurudi kuzitoa hadi 2021. Januari 2025 WHO ilipotangaza Marburg inashukiwa Kagera, wizara ilikanusha, kisha tarehe 20 Rais Samia akathibitisha. Serikali huogopa kwa sababu zinazoeleweka: Novemba 2021 Afrika Kusini na Botswana ziliitangaza Omicron bila kuchelewa, na zawadi yao ikawa kufungiwa safari za ndege. Kwa hiyo kudai China ifungue kumbukumbu zake bila kulinda nchi inayotangaza mapema ni kudai nusu ya jambo.

Juni 2025 jopo la WHO la chanzo cha vimelea, SAGO, lilisema ushahidi uliopo unaelekea kwa wanyama, na kwamba maabara haiwezi kuchunguzwa wala kuondolewa kwa sababu China haijatoa kilichoombwa. Maombi yalikuwa matatu: mamia ya mifuatano ya vinasaba kutoka kwa wagonjwa wa mwanzo, taarifa za kina za wanyama waliouzwa kwenye masoko ya Wuhan, na taarifa za kazi na usalama wa maabara za mji huo. La tatu ndilo linalopata vichwa vya habari, na linastahili jibu. La pili halihitaji kirusi hai wala sampuli iliyosalia. Linahitaji majina ya wafanyabiashara wa vizimba kumi, vibali vya usafirishaji vya Oktoba hadi Desemba 2019, mashamba walikonunua, na orodha ya fidia zilizolipwa mashamba hayo yalipofungwa. Karatasi za aina hiyo hutolewa na serikali na hutunzwa na serikali, na fidia hailipwi bila jina la mlipwaji.